Nyuzi za Mstari wa Kumi na Saba

15 Oktoba

Tumepanda leo. Ni kunde za aina arobaini katika vitalu vitatu, kila aina ina mstari mmoja katika kila kitalu, na kila mstari una mimea ishirini. Jumla ni mimea elfu mbili na mia nne, na kila mmoja una nafasi yake katika daftari langu.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye mtafiti wa kunde katika kituo hiki. Tangu nifiwe na mke wangu ninaishi naye, katika chumba cha uani. Amenipa kazi ya kuandika kwa sababu anaujua mwandiko wangu. Nilifundisha lugha kwa miaka thelathini na minne, na sijapata kukabidhi ukurasa uliofutwafutwa.

"Mjomba," aliniambia asubuhi, "hapa hatutafuti mmea mzuri. Tunatafuta tofauti. Mimea ikilingana yote, sina cha kuchagua. Ikitofautiana, na tofauti yenyewe ikawa inatoka ndani ya mbegu wala si kwenye udongo, hapo nina kazi ya miaka kumi."

"Na isipotofautiana?"

"Tarehe thelathini Januari mkurugenzi anakaa na kamati. Nisipowaonyesha kitu, shamba wanapewa watu wa mahindi, na mbegu zangu zinarudi kabatini zikafie huko."

Mbegu hizo amezikusanya kwa miaka sita, kopo kwa kopo, katika majiko ya wakulima. Nilimwambia asiwe na wasiwasi kuhusu daftari.

17 Oktoba

Mvua nzuri.

22 Oktoba

Zimeota. Nimeuhesabu kila mstari mara mbili. Hazipungui.

31 Oktoba

Leo nimetambulishwa kwa mpimaji nitakayefanya naye kazi. Ni mtu mzima, ana binti wawili walioolewa, lakini kituo kizima kinamwita Redio kwa kuwa hazimiki.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimesikia ukishika kalamu hata kunguru wananyamaza."

"Marahaba. Nami nimesikia kwamba wewe hunyamazi."

"Betri mpya, Mwalimu."

Alizungumza kutoka ghalani hadi shambani, kisha kutoka shambani hadi ghalani. Sijui nitamvumilia vipi hadi Januari.

6 Novemba

Palizi. Mvua kidogo.

19 Novemba

Maua ya kwanza yamechanua, katika mistari ya aina za mapema. Kazi tunaifanya hivi: Redio anaingia kati ya mistari na kuinama, mimi ninabaki njiani na daftari, maana magoti yangu hayakubali tena kuinama. Mmea unapofungua ua lake la kwanza, anataja mstari na namba ya mmea, nami ninaandika tarehe. Halafu anaufunga uzi shinani ili kesho asiutaje tena.

Nyuzi anapewa na mke wake, ambaye ni fundi cherehani. Kila Jumatatu mke humpa masalio ya juma lililopita. Juma hili ni nyeupe.

"Hili ni shamba la utafiti," nilimwambia, "si kibanda cha fundi nguo."

"Mmea ukivaa hausahauliki, Mwalimu."

22 Novemba

Ni siku ya thelathini na nane tangu tupande. Redio alikuwa katikati ya shamba, anasimulia harusi ya shemeji yake ambako bwana harusi alichelewa hadi wageni wakaanza kula, na katikati ya habari hiyo akataja:

"Kumi na saba, mmea wa tatu, ua."

"Rudia."

"Kumi na saba, wa tatu. Limefunguka linanicheka."

"Wa kumi na nane, bila shaka." Mstari wa kumi na nane ni wa aina ya mapema, nao uko hatua moja tu kutoka hapo. Wa kumi na saba haujaonyesha hata kitumba.

"Mwalimu, magoti ndiyo yamestaafu. Macho bado yapo kazini. Tena yangu."

Sikupenda utani huo. Mtu anayesimulia harusi hawezi kuhesabu mistari. Nafasi ya mmea wa tatu nimeiacha wazi. Utachanua pamoja na wenzake, nami nitauandika kwa wakati wake.

23 Novemba

Leo ametaja tena mstari wa kumi na saba, mmea wa saba na wa kumi na mbili. Kitalu cha pili, mambo ni yale yale. Nimeacha nafasi. Makosa yake yana bidii.

24 Novemba

Tena. Na katika mistari mingine miwili mitatu. Sikubishana naye. Niliitikia "ndiyo" na kalamu nikaishikilia juu ya karatasi bila kuandika. Yeye hakuona, maana alikuwa ameinama.

26 Novemba

Mvua hakuna, siku ya sita sasa. Uzi ni mwekundu.

29 Novemba

Mvua hakuna. Asubuhi nimekwenda shambani kabla ya chai, nikarudi, nikaenda tena. Hakuna nilichokwenda kufanya. Majani yanajikunja ifikapo saa nne, na udongo umeanza kupasuka kando ya vibao vya namba.

2 Desemba

Mvua hakuna. Mpwa wangu anasukuma sahani. Nilimwambia ale. Akasema, "Nakula, Mjomba," akaondoka mezani.

8 Desemba

Mstari wa kumi na saba umechanua karibu wote kati ya jana na leo. Ni siku ya hamsini na nne, kama nilivyotarajia. Uzi wa juma hili ni wa buluu. Nimeketi mezani nikajaza nafasi zote zilizokuwa wazi kwa tarehe hizi mbili, katika vitalu vyote vitatu. Ukurasa sasa unapendeza: safu imenyooka kutoka juu hadi chini. Nilimwonyesha mpwa wangu.

"Daftari lako ni zuri kuliko shamba langu," alisema.

11 Desemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Imechelewa. Mistari mingi imekwisha kupukutisha maua.

27 Desemba

Tunavuna. Maganda ya kila mmea yanatiwa katika bahasha yake, nami ninaandika namba. Bahasha nyingi zimelegea kama soksi. Redio anaimba.

9 Januari

Siku nzima ghalani. Mpwa wangu anapima uzito wa bahasha moja moja kwenye mizani ndogo, nami ninaandika. Bahasha za mstari wa kumi na saba zilimsimamisha. Nyingine zilikuwa na gramu tatu au nne. Nyingine thelathini.

"Ajabu," alisema. Akazipima tena. Hazikubadilika.

12 Januari

Amekuwa kwenye kompyuta tangu asubuhi. Jioni alinieleza, akichora juu ya karatasi ya mkate. Mstari wa kumi na saba una uzito unaopishana sana, na hilo lingekuwa jambo la kushangilia kama mimea hiyo ingepishana pia katika siku za maua. Mmea uliochanua mapema ungekuwa umekikwepa kiangazi, na kukikwepa huko kungekuwa kumerithiwa.

"Lakini zote zimechanua siku moja," alisema. "Basi ni udongo tu. Hapa palikuwa na unyevu, pale hapakuwa nao. Sina cha kuchagua."

"Una hakika?"

"Ninafuata daftari."

Nilitoka nje nikafagia uani, ambao ulikuwa umefagiliwa.

15 Januari

Amechagua bahasha ishirini na mbili kutoka aina zote arobaini, na yeye mwenyewe anasema ni za kujifariji. Zilizobaki ziko kwenye makreti mlangoni mwa ghala. Tarehe ishirini na nne zitamiminwa gunia moja, ziende jikoni kwa wafanyakazi. Kamati haitatazama bahasha ishirini na mbili za kujifariji.

16 Januari

Sikai mahali pamoja. Nilianza barua kwa rafiki, nikaiacha. Nilianza kupanga vitabu, nikaviacha sakafuni. Ninajiambia kwamba Redio alichanganya mistari. Ninajiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu mwenye hakika.

19 Januari

Dada yangu amekuja kumwona binti yake. Ameingia na mfuko begani, akanitazama nikiwa nimesimama katikati ya sebule na taulo ya vyombo mkononi.

"Kaka, bado unainyoosha dunia?"

"Karibu, dada."

"Nimekaribia. Nipe maji kwanza, ndipo unikosoe."

Baada ya kula aliuliza habari za kunde zake. Sikujua kwamba zilikuwa shambani. Mpwa wangu hushika namba tu, na mimi sikuwahi kumwuliza namba ipi ilitoka kwa nani.

"Za kwako ni mstari wa kumi na saba, Mama. Zimelingana. Zote zimechanua juma moja."

Dada yangu alicheka. "Kopo langu? Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Kopo lile lina za mbio na za uvivu. Ukizitazama punje huwezi kuzijua, zinajulikana shambani. Nazipanda pamoja makusudi. Mvua ikikata, tunakula za mbio. Mvua ikiendelea, za uvivu zinazaa mpaka unachoka kuchuma."

"Hukuniambia hayo."

"Uliniomba kunde, mwanangu. Hukuniomba maelezo."

Mpwa wangu aliondoka, akaleta daftari. Alilifungua mbele ya mama yake, akapitisha kidole juu ya safu iliyonyooka. "Tazama. Siku ya hamsini na tatu, hamsini na nne, hamsini na nne. Labda za mbio zilikufa koponi miaka mingi iliyopita."

Dada yangu hakutazama safu. Alitazama mwandiko, kisha akanitazama mimi.

"Ameandika kaka?"

"Ndiye."

"Basi ni kweli," alisema. "Labda ni mimi nimezeeka."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeketi baina yao. Nilikunja kitambaa cha meza, nikakikunja tena.

Nakumbuka jambo moja. Kabla dada hajaolewa, nilimkuta siku moja anatayarisha mbegu za kupanda, za rangi zote mchanganyiko. Nilimkemea kwa uchafu. Nikaketi, nikazichambua moja moja, nikazitupa zisizofanana. Alinitazama tu hadi nilipomaliza. Nadhani alikwenda kuziokota.

20 Januari

Nimetembea hadi lango la kituo na kurudi mara nne. Mlinzi aliniuliza nimepoteza nini.

21 Januari

Nimemwambia.

Mpwa wangu alikuwa ghalani, amesimama karibu na makreti. Nilimwomba aketi, akakataa, nami nikasema nikiwa nimesimama vilevile. Nilisema kwamba Redio alinitajia maua ya mapema katika mstari wa kumi na saba mwezi Novemba, kwamba sikumwamini, kwamba niliacha nafasi wazi kisha nikazijaza kwa tarehe za mimea mingine. Hakuna aliyeniagiza. Nilidhani ninasahihisha.

Alilifungua daftari penye mstari wa kumi na saba. Nilimfahamu alipokuwa mtoto wa kulia kwa jambo dogo, nami ningependa leo alie.

"Mimea mingapi?"

"Sijui."

"Ipi?"

"Wa tatu, nakumbuka. Wa saba na wa kumi na mbili. Hiyo ni katika kitalu cha kwanza. Mingine sikumbuki."

"Na mistari mingine?"

"Ipo. Miwili. Labda minne."

Aliliweka daftari juu ya kreti, polepole, kama kitu kinachoweza kumwagika. "Mjomba, mtu akiniletea namba na kusema hana hakika nayo, najua la kufanya. Naiwekea alama. Wewe hukuweka alama hata moja. Sasa ninaweza kuitupa yote tu."

"Nitazungumza na mkurugenzi."

"Utamwambia nini? Kwamba tulipanda kunde ili tuone tofauti, ukaifuta?"

Hapo Redio, ambaye alikuwa nje anafunga magunia, aliingia. Alikuwa mlangoni tangu lini, sijui. Nilingoja aseme kwamba alinionya.

"Nyuzi zipo, bosi," alimwambia mpwa wangu. "Nyeupe ni juma la kwanza la maua. Nyekundu la pili, buluu la tatu. Mke wangu hajawahi kunipa rangi mbili juma moja. Yule ana utaratibu kuliko kituo chote."

Mpwa wangu alimgeukia. "Mashina yako wapi?"

"Kitalu cha kwanza na cha pili yamekatwa Ijumaa. Wanakula ng'ombe. Kitalu cha tatu kimesimama kwa sababu trekta liko gereji." Akatafakari. "Linarudi keshokutwa asubuhi."

22 Januari

Tulianza kulipopambazuka. Mpwa wangu aliamua: Redio ataandika, mimi nitasoma nyuzi. Hakueleza sababu, wala sikuuliza.

Kitalu cha tatu kina mashina mia nane, makavu, yameinamiana. Nyuzi ziko chini kabisa, karibu na udongo, na hazionekani kutoka njiani. Niliingia kwenye mstari wa kwanza, nikainama, nikaona kwamba kuinama hakutoshi. Nikapiga magoti. Vumbi limezigeuza zote rangi moja. Ilinilazimu kushika kila uzi kati ya vidole na kuusugua hadi rangi ijitokeze.

"Mstari wa kwanza, mmea wa kwanza, buluu."

"Buluu," alisema Redio kutoka njiani, mahali pangu. Nilimsikia akiandika. Anaandika polepole, na herufi zake zinalala kama zimechoka.

Tulipofika mstari wa tisa nilikuta nyeupe mbili ambazo sikuzikumbuka. Nilizitaja. Katikati ya asubuhi Redio aliacha kuzungumza, jambo ambalo halijatokea tangu nimfahamu, nami nikagundua kwamba linanitia hofu.

"Iliishaje ile harusi?" nilimwuliza.

"Ipi?"

"Ya shemeji yako. Bwana harusi alichelewa."

"Ah. Alikuwa saluni, Mwalimu. Kinyozi alimkata upande mmoja, umeme ukakatika."

Nilicheka huku nimeshika shina. Tukaendelea.

Mstari wa kumi na saba. Mmea wa kwanza, buluu. Wa pili niliusugua, nikausugua tena, nikalamba kidole, nikaulowesha.

"Nyeupe."

"Nyeupe," alisema Redio. Hakuniambia nirudie.

Wa tatu buluu, wa nne buluu. Wa tano nyeupe. Wa sita nyeupe. Wa kumi na moja. Wa kumi na nne. Wa kumi na tisa. Wa ishirini. Jumla ni saba nyeupe katika ishirini, na kila moja kati ya hizo saba nilipata kuitikia "ndiyo" nikiwa nimesimama njiani.

Tulimaliza saa kumi na nusu. Mstari wa thelathini na mbili ulikuwa na nyeupe tatu, na wa ishirini na sita una moja ambayo hata sasa siikumbuki kabisa. Sikuweza kuinuka peke yangu. Redio aliniinua kwa kunishika makwapa.

"Taratibu, Mwalimu. Hivi ndivyo ninavyorudi nyumbani kila siku, ila mimi hakuna anayeniinua."

Ghalani mpwa wangu alichukua karatasi ya Redio, akaenda kwenye makreti, akazitoa bahasha za mstari wa kumi na saba, kitalu cha tatu. Alizipanga mezani kwa uzito. Nzito zilikuwa saba. Ya pili, ya tano, ya sita, ya kumi na moja, ya kumi na nne, ya kumi na tisa, ya ishirini.

Aliketi.

"Si udongo," alisema.

Aliweka kiganja juu ya bahasha hizo, akakaa hivyo. Halikuwa jambo langu la kufurahia.

23 Januari

Trekta limepita.

30 Januari

Kamati. Mpwa wangu aliandika taarifa yake juu ya kitalu kimoja, na katika ukurasa wa mwisho akaeleza kwa nini si vitatu. Nilitia sahihi chini ya ukurasa huo. Aliniuliza kama ningependa maneno yapunguzwe ukali. Nilisoma, sikuona neno la kuondoa.

Mkurugenzi aliusoma huo kwanza. "Nani aliyejaza tarehe hizi?"

"Mimi," nilisema. Nilisimama, kama nilivyozoea kuwasimamisha wengine.

"Kitalu kimoja si ushahidi," alisema, akimwelekea mpwa wangu.

"Si ushahidi," alikubali. "Ni sababu ya kupanda tena."

Walitutoa nje. Kwenye benchi la ukumbi mpwa wangu aliketi akiwa ameacha nafasi ya mtu mmoja baina yetu. Baada ya muda alisema, bila kunitazama, "Mama anauliza kama magoti yamepona."

"Mwambie bado."

6 Februari

Barua imekuja. Msimu mmoja zaidi, nusu ya shamba. Nusu nyingine imepewa watu wa mahindi. Tungekuwa na vitalu vitatu, nadhani tungebaki na lote.

Daftari jipya limekabidhiwa kwa Redio. Nimemchongea penseli mbili.

18 Machi

Tumepanda. Bahasha saba za mstari wa kumi na saba, kila moja na mstari wake sasa. Mimi nilikuwa chini, nikitia punje shimoni. Redio alikuwa njiani na daftari, akisimulia jinsi mke wake alivyomshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mrefu.

Katika bahasha ya tano, kati ya punje nyeupe zote, nilikuta moja nyeusi. Niliishika kiganjani kwa kitambo. Vidole vilikwisha kuielekeza pembeni.

"Wa tano, shimo la nane," niliita. "Punje nyeusi. Moja."

Alikatiza habari ya suruali, akaandika. Niliitia shimoni, nikaifukia.

Mvua hakuna bado.